UZI: Lillian Wald, nesi wa New York aliyehamia kuishi mtaa mmoja na wagonjwa wake (mrefu kidogo, vumilieni)

daftari_la_nesi

Habari zenu wakuu. Kila tukianza mada ya uuguzi jina linalotajwa ni Florence Nightingale halafu mjadala unaishia hapo. Heshima yake anastahili yote, sipingi. Ila leo nataka niwaletee Lillian Wald, kwasababu naona ndiye aliyelishika swali ambalo hospitali peke yake haikuwa na jibu lake: mgonjwa asiyefika hospitali anauguzwa na nani, na huyo anayemuuguza analipwa na nani? Hilo la pili watu wengi wanaliruka wakisimulia habari zake, wanabaki kwenye huruma. Huruma alikuwa nayo ndio, lakini New York ya wakati ule wenye huruma walikuwa wengi tu. Wald alikuwa na huruma halafu akajua na pesa itatoka wapi mwezi ujao, na mwaka ujao, na hata yeye akiwa hayupo.

Amezaliwa 10 Machi 1867 Cincinnati, Ohio, familia ya Wayahudi wenye asili ya Ujerumani, baba yake mfanyabiashara wa vifaa vya macho. Wakahamia Rochester na maisha yao yalikuwa mazuri, yani sio mtu aliyekulia kwenye dhiki. Akiwa na miaka 16 aliomba chuo cha Vassar wakamwambia bado mdogo. Baadaye dada yake akawa mjamzito na akauguzwa na nesi aliyesomea, Wald akamwangalia yule nesi anavyofanya kazi na ndipo akajua anataka nini. Akaingia shule ya uuguzi ya New York Hospital, akahitimu 1891. Akafanya kazi kidogo kwenye taasisi ya kulelea watoto, hakuipenda kabisa, akaona bora akasome udaktari kwenye chuo cha wanawake.

Sasa 1893, akiwa bado anasoma udaktari, akaombwa kufundisha somo la uuguzi wa nyumbani kwa wanawake wahamiaji kule Lower East Side. Kwa wasioijua, ni upande wa mashariki chini kabisa ya Manhattan, enzi hizo umejaa Wayahudi waliokimbia Urusi, Wataliano, Waairishi, watu wamebanana kwenye majengo ya kupanga ya ghorofa tano sita, vyumba vingine havina dirisha la nje, choo ni cha uani au cha kugawana, na familia ambayo haina nafasi bado inamkaribisha mpangaji wa kulala ili kodi itimie. Cherehani zinalia ndani usiku na mchana maana nguo za viwandani zilikuwa zinashonewa nyumbani. Na 1893 ndio mwaka uchumi wa Marekani ulianguka vibaya, watu wakakosa kazi kwa maelfu.

Siku moja katikati ya somo mtoto wa kike akaja kumwita, mama yake mgonjwa. Wald akamfuata, wakapita mitaa iliyovunjika na ngazi chafu mpaka wakafika chumbani, akamkuta mama amejifungua na amekuwa akitokwa damu, kalala kwenye kitanda hakijabadilishwa kwa siku mbili. Familia ya watu saba vyumba viwili na wapangaji juu yake. Aliandika baadaye kwamba hawakuwa watu wabaya wala wazembe, ni watu waliokuwa wanajitahidi, na kwamba siku ile aliamini kweli kuwa mambo haya yapo kwasababu tu watu wenye uwezo hawajui, wakijua yataisha. Mimi hapa huwa nasimama kila mara. Alikuja kugundua kwamba kujua peke yake hakuleti kitu, na maisha yake yote yaliyobaki ni kazi ya kuhangaikia hicho kinachotakiwa kuongezwa juu ya kujua.

Udaktari akauacha. Naendelea, msifunge uzi.

kipimajoto

Nakaa hapa mbele kabisa. Ila mleta mada naomba nikuulize mapema kabla hujaenda mbali, manesi wa kutembelea majumbani si walishakuwepo Uingereza kabla ya huyu mama? Nakumbuka tulifundishwa habari za Liverpool.

daftari_la_nesi

Uko sahihi kabisa mkuu. Liverpool 1859, mke wa mfanyabiashara William Rathbone aliugua mpaka mauti, nesi aliyemhudumia anaitwa Mary Robinson, msiba ulipoisha Rathbone akamlipa yule yule nesi akawauguze maskini wa mjini majumbani kwao. Nightingale mwenyewe aliwashauri walipotaka kupanua na kufungua shule. Na hata New York, wamisionari wa mjini walishaanza kutuma manesi majumbani tangu 1877.

Kwahiyo Wald hakuwa wa kwanza kubeba begi na kupanda ngazi. Tofauti yake naiona kwenye mambo haya. Wale wengi walikuja na dini mkononi, mgonjwa anafungwa kidonda huku anahubiriwa, Wald akasema nesi wake haingii na dini, wagonjwa wake ni wa kila imani. Halafu wale walitokea makao makuu asubuhi na kurudi jioni, Wald na mwenzake Mary Brewster waliyesoma naye uuguzi wakahamia kule kule, walianzia kwenye nyumba ya wasomi wa kujitolea pale Rivington Street, baadaye wakapanga juu kabisa kwenye jengo la Jefferson Street, unapanda ngazi mpaka pumzi inakata. Na kubwa kuliko yote, mgonjwa au jirani yake aliruhusiwa kumwita nesi moja kwa moja. Hakuhitaji barua ya daktari, hakuhitaji barua ya kanisa.

Na bodi ya afya ya jiji iliwapa beji za kuvaa zinazosema ni manesi wa kutembelea chini ya bodi hiyo. Fikiria wanawake wawili, hawana ajira ya serikali hata kidogo, ila beji ya serikali wanayo kifuani. Akili hiyo.

mama_wodi

Hapo kwenye kuitwa moja kwa moja ndipo pana moto. Mimi nimefanya kazi ya kutembelea wagonjwa majumbani, najua daktari anavyojisikia akikuta nesi ameshafika kabla yake na ameshaanza kufanya kitu. Madaktari wa wakati ule walinyamaza?

daftari_la_nesi

Hawakunyamaza dada. Walilalamika kwamba manesi wanawaibia wagonjwa na wanavuka mipaka. Utaratibu ukawa nesi anaingia, anafanya anachoweza kama nesi, anaosha, anafunga, anapima homa, anamfundisha mama wa nyumba, na pale panapohitaji daktari anamtafuta daktari, na kazi nyingine zilifanyika kwa maelekezo ya kudumu yaliyoandikwa na madaktari. Ila hoja ya wapinzani wake ilikuwa na shida moja kubwa, sehemu kubwa ya wale wagonjwa hawakuwa na daktari wa kuibiwa. Nani alikuwa anawagombania kabla nesi hajafika? Hakuna.

Sasa nirudi kwenye pesa maana nimeahidi.

Mwanzoni kabisa fedha zilitoka kwa mama mmoja tajiri, Betty Loeb, ndiye aliyekuwa akifadhili lile somo la uuguzi wa nyumbani, na mkwe wake Jacob Schiff, mwenye benki kubwa sana New York. Wald alimwandikia Schiff ripoti mara kwa mara, tena ripoti za watu, familia fulani baba hana kazi, mtoto ana nimonia, tumefanya hiki, imebaki hiki. 1895 Schiff akanunua nyumba namba 265 Henry Street wakahamia hapo, na hilo ndilo jina lililobaki mpaka leo, Henry Street Settlement, yani nyumba ya huduma ambayo wahudumu wanaishi mtaani pamoja na wanaowahudumia. Manesi wakaongezeka, 1900 walikuwa kama 15 hivi, ilipofika 1913 walikuwa 92 na wanafanya ziara karibu 200,000 kwa mwaka. Soma tena hiyo namba, ziara laki mbili, kwa miguu na ngazi. Kuna picha maarufu ya nesi wa Henry Street anavuka ukuta wa paa kutoka jengo moja kwenda jingine, walifanya hivyo kweli, badala ya kushuka ghorofa tano na kupanda nyingine tano unapita juu kwa juu.

Wenye uwezo kidogo walilipa, kati ya senti 10 na 25 kwa ziara, asiye nacho halipi. Hii ilikuwa makusudi. Wald hakutaka nesi aonekane ni sadaka. Mtu anayelipa senti 10 anamwita nesi kama mteja, anauliza maswali, anagombana naye akitaka. Watu wa mtaa ule walikuwa na heshima zao na misaada ya majina ya taasisi za hisani iliwadhalilisha, alilijua hilo kwasababu aliishi nao.

kijana_wa_chuo

Dah uzi mtamu. Kuhusu nesi wa shule nimesoma kwamba alianzisha yeye, ni kweli au ni zile sifa za kuongezwa?

daftari_la_nesi

Ni kweli kwa Marekani, na nitaieleza kwa kirefu maana kwangu ndiyo kazi yake iliyokaa vizuri kuliko zote.

New York ilianza kuweka madaktari wa kukagua wanafunzi tangu 1897. Daktari anapita, anaangalia, mtoto mwenye macho mekundu, mwenye upele, mwenye mapunye kichwani, mwenye chawa, wote wanarudishwa nyumbani wasiambukize wengine. Kwenye karatasi inaonekana ni sawa. Lakini hapo hapo kazi inaishia. Mtoto anafika nyumbani na karatasi ambayo mama hawezi kuisoma, hajui Kiingereza, yuko kwenye cherehani, dawa hana, na mtoto jioni anacheza barabarani na wale wale ambao asubuhi alitengwa nao ili asiwaambukize. Kesho yake harudi shule. Mwezi ujao harudi. Wald alikutana na mtoto wa miaka 12 ambaye hajawahi kukaa darasani sawasawa sababu ya ugonjwa wa ngozi kichwani, akamtibu kwa kupaka dawa na kufuatilia tu, akapona, akaenda shule. Fikiria miaka yote ile imepotea kwa kitu cha namna hiyo. Sio kwamba dawa haikuwepo, aliyekosekana ni mtu wa kupaka na kurudi tena kesho kuangalia.

1902 ndipo akaiendea idara ya afya ya jiji na ofa. Nitawapa nesi wangu mmoja, mshahara juu yangu, mumpe shule nne kwa mwezi mmoja, ikifaa jiji lichukue kwa bajeti yake. Zingatieni sharti lake wakuu. Hakusema "naombeni tusaidiane", alisema wazi kabisa mapema kwamba likifanikiwa hili ni jukumu lenu na mtalilipia.

Nesi aliyechaguliwa ni Lina Rogers, mzaliwa wa Kanada. Oktoba 1902 akaanza, shule nne zenye wanafunzi maelfu. Asubuhi anazunguka shule, vitu vidogo anavitibu pale pale mtoto anarudi darasani, vikubwa anavifuata nyumbani mchana, anamwonyesha mama jinsi ya kuosha macho, anarudi siku inayofuata kuona kama imefanyika. Mwezi haujaisha vizuri jiji likakubali kuajiri manesi wa shule. Watoto waliokuwa wanarudishwa nyumbani Septemba 1902 walikuwa zaidi ya 10,000, Septemba 1903 wakawa kama 1,100. Hapo hakuna chanjo mpya iliyogunduliwa, hakuna mashine, ni nesi, beseni, marhamu na ngazi.

Na hiyo ndiyo ilikuwa njia yake kila mahali, unaonyesha kitu kinafanya kazi kwa gharama yako mwenyewe na kwa ukubwa mdogo, halafu unaipelekea serikali ushahidi na ankara kwa pamoja.

mpinga_hoja

Mimi nitaenda kinyume kidogo. Mfadhili ni mwenye benki. Baadaye naona kampuni ya bima nayo iliingia. Sasa huyu mama hakuwa anawasaidia matajiri kutuliza maskini wasipige kelele? Maana wale wale wenye mabenki na viwanda ndio mishahara yao midogo inaleta TB kwenye vyumba visivyo na dirisha.

daftari_la_nesi

Swali zito na halitakiwi kudharauliwa, asante kwa kulileta.

Ni kweli bima iliingia. 1909 Wald alizungumza na Lee Frankel wa Metropolitan Life, kampuni iliyokuwa inauza bima ndogo ndogo za maisha kwa wafanyakazi, wakala anapita mlangoni kila wiki kukusanya senti. Hoja ya Wald ilikuwa rahisi: mteja wenu akifa mapema mnalipa, nesi wangu akimfanya aishi mnaendelea kupokea, kwahiyo lipieni nesi. Wakajaribu Manhattan mwezi Juni mwaka huo, ikaonekana inafaa, ndani ya miaka michache huduma ikaenea nchi nzima kwa wenye bima zao. Mamilioni ya watu ambao wasingemwona nesi maishani walimwona kwasababu ya lile wazo.

Lakini upande wa pili ni huu. Kampuni ikawa inataka hesabu za kila ziara, ugonjwa gani, imegharimu kiasi gani, imepunguza vifo au la, na mgonjwa wa muda mrefu ambaye hatapona hana faida kwenye hesabu hizo. Kwahiyo uhuru wa nesi wa kuamua arudi mara ngapi ukaanza kubanwa na mtu anayelipa. Na kampuni iliifunga huduma hiyo 1953, kwa uamuzi wake. Hapo mkuu nakubaliana na wewe, pesa ya mfanyabiashara inakuja na kalamu yake.

Ila la kutuliza maskini sikubali. Huyu aliwasapoti wanawake wa viwandani waliogoma, alipigana ajira za watoto zipigwe marufuku yeye na Florence Kelley, mpigania haki za wafanyakazi aliyeishi hapo hapo Henry Street kwa miaka mingi. Lavinia Dock, nesi mwenzake aliyekaa pale miaka kama 20, alikuwa anadai kura kwa wanawake mpaka akafungwa jela. Nyumba ile haikuwa ya watu wapole. Na vita ya kwanza ya dunia ilipokuja Wald akasimama hadharani kuipinga, Agosti 1914 akawa mmoja wa walioongoza maandamano ya wanawake kwa ajili ya amani New York, akawa rais wa umoja wa kupinga kuiingiza Marekani kwenye mambo ya kijeshi. Wafadhili wakakasirika, wengine wakakata michango. Aliendelea. Mtu anayetumiwa na matajiri hafanyi hivyo mwaka ambao anahitaji kulipa mishahara ya manesi wote wale.

mama_wodi

Na suala la rangi? Marekani ya miaka ile, manesi weusi walikuwa wapi kwenye hii hadithi? Maana hizi historia za wakubwa mara nyingi sisi tunafutwa.

daftari_la_nesi

Walikuwepo dada, na wengine walitangulia. Jessie Sleet alikuwa nesi mweusi, ameajiriwa na taasisi ya misaada ya New York 1900 kushughulika na TB kwenye familia za weusi, kazi yake ilikuwa ya majaribio tu ikawa ya kudumu kwasababu aliifanya vizuri mno. Ndiye aliyempendekeza Elizabeth Tyler kwa Wald, na 1906 Tyler akawa nesi mweusi wa kwanza Henry Street, amehitimu Freedmen's Hospital ya Washington.

Tyler mwanzoni hakuwa na wagonjwa wa kutosha, kwahiyo akaenda mwenyewe kuongea na waangalizi wa majengo ya weusi awaulize nani anaumwa humu ndani. Akawapata wengi kupita uwezo wake, ikafunguliwa tawi kule San Juan Hill, upande wa magharibi wa Manhattan, linaitwa Stillman House, manesi wengine weusi wakaongezwa. Mimi nikisoma hapo naona uongozi wa Tyler, sio wa Wald. Wald alifungua mlango na kumlipa, tawi lilijengwa na Tyler.

Wald alikuwa miongoni mwa waliosaini wito wa 1909 uliozaa NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, na wajumbe wa mkutano ule, weusi na weupe pamoja, walipokelewa na kukaribishwa Henry Street, kipindi ambacho kuwaketisha meza moja ilikuwa ni ugomvi kwenye sehemu nyingi za mji. Hilo nampa. Lakini pia ni kweli manesi weusi wa Henry Street walipangiwa zaidi wagonjwa weusi na matawi ya weusi, hakuuvunja ubaguzi wa mji ule ndani ya ratiba yake ya kazi. Tuandike yote mawili.

kipimajoto

Hii ya kusema yote mawili ndio maana napenda nyuzi zako. Endelea na serikali kuu, umesema jiji tu.

daftari_la_nesi

Sawa. Karibu 1903, wakiwa mezani asubuhi, Wald na Kelley wanapitia barua na magazeti, ikaonekana habari kwamba waziri wa kilimo anakwenda kusini kuchunguza mdudu anayeharibu pamba. Siku hiyo hiyo kwenye barua wana mtu anauliza kwanini watoto wengi wanakufa kiangazi na kuna nini kinaweza kufanywa. Wakaangaliana: nchi ina idara nzima inayojua pamba imeharibika kiasi gani na hakuna ofisi hata moja inayojua watoto wangapi wamekufa. Na kweli haikuwepo, Marekani wakati huo hata usajili wa vizazi ulikuwa wa kubahatisha, majimbo mengi hawaandiki.

Wazo likafika kwa rais Theodore Roosevelt, akalikubali, lakini bungeni likakaa miaka. Lililetwa mara ya kwanza 1906, likakwama, likarudi, watu wa viwanda vinavyotumia watoto hawakulitaka. Mpaka 9 Aprili 1912 rais Taft akasaini, ofisi ya watoto ya serikali kuu ikaanza, na mkuu wake wa kwanza akawa Julia Lathrop, mwanamke wa kwanza Marekani kuongoza ofisi kubwa ya serikali kuu namna ile. Kazi yao ya kwanza kabisa wakaanza kuhesabu na kuchunguza vifo vya watoto wachanga, mji kwa mji, nyumba kwa nyumba. Wakakuta vifo vinafuata kipato cha baba, kinachoingia kikishuka, vifo vinapanda. Kitu ambacho nesi wa ghorofa ya tano alikuwa anakijua miaka yote, sasa kikawa kwenye ripoti ya serikali.

Mwaka huo huo 1912 manesi wa afya ya jamii wakaunda umoja wao wa kitaifa, Wald rais wa kwanza. Na akalisukuma shirika la Msalaba Mwekundu la Marekani lianzishe manesi wa vijijini, maana mkulima anayeumwa mbali na barabara hana tofauti na mama wa kule Lower East Side.

kijana_wa_chuo

Mafua ya 1918 je? Nasikia ndio yaliwapima kweli kweli.

daftari_la_nesi

Yaliwapima. Kumbuka wakati ule manesi wengi wako jeshini Ulaya, waliobaki wenyewe wanaugua. Oktoba 1918 New York ikaundwa kamati ya dharura ya manesi, Wald mwenyekiti, na alichofanya ni kuunganisha kila taasisi ya mji yenye nesi hata mmoja iwe chini ya mpango mmoja. Mji ukagawanywa kwa maeneo, simu zote zinaingia kwenye vituo vinavyojulikana, nesi mmoja asikanyage mtaa ambao mwenzake kashaingia. Halafu wakawatafuta wasio manesi. Wanawake wa kawaida walisimama kwenye ngazi za maduka makubwa ya Fifth Avenue wanagawa vipeperushi vya kuomba watu wa kujitolea, kupika supu, kufua mashuka, kuendesha gari, kujibu simu, kukaa na watoto ambao wazazi wote wawili wamelala.

Dawa ya mafua yale haikuwepo. Antibiotiki za nimonia hazikuwepo. Kilichokuwepo ni maji, chakula, shuka safi, hewa, na mtu wa kumgeuza mgonjwa na kumpoza homa usiku. Uuguzi ulikuwa ndio tiba yenyewe. Mama_wodi utanielewa nikisema hivyo.

mama_wodi

Nakuelewa sana. Na ndio maana inauma mtu akisema "ni nesi tu".

Swali langu la mwisho, aliishia wapi, na ile huduma iliishia wapi? Maana umesema 1953 bima ilijitoa.

daftari_la_nesi

Afya yake ilianza kuzorota miaka ya 1920. 1933 akaachia uongozi, akachukua Helen Hall. Akahamia Westport, Connecticut, akaandika kitabu chake cha pili, akafariki 1 Septemba 1940 akiwa na miaka 73. 

1944 huduma ya manesi ikatenganishwa na nyumba ya Henry Street, ikawa shirika linalojitegemea la manesi wa kutembelea wa New York. Nyumba ikabaki na kazi za jamii, michezo, sanaa, wazee, watoto, na mpaka leo ipo pale pale 265.

Bima kujitoa 1953 kulikuwa na sababu zake. Kina mama walikuwa wameshahamia kujifungulia hospitali, antibiotiki zimeingia, yale magonjwa ya kuambukiza yaliyompa nesi wa nyumbani kazi kubwa yamepungua, waliobaki ni wazee na wenye magonjwa ya moyo, kisukari, kiharusi, watu wanaohitaji ziara nyingi kwa miaka, na hao kampuni haikuona faida kuwalipia. Mashirika mengi ya manesi wa kutembelea Marekani yalidhoofika sana. Ilichukua mpaka 1965 serikali kuu ilipoanzisha bima ya afya ya wazee, Medicare, ikaweka na malipo ya uuguzi wa nyumbani ndani yake, lakini kwa masharti: lazima daktari aandike, na ziwe huduma za kitaalamu za muda. Yani nesi akarudi mlangoni ila ile ruhusa ya jirani kumwita moja kwa moja haikurudi naye. Mpinga_hoja, kama kuna kitu nitakubaliana na wewe kwenye uzi huu mzima ni hicho, Wald alipata watu wa kulipa, lakini kila mlipaji mpya aliondoka na kipande cha ule uhuru wa mwaka 1893.

mpinga_hoja

Nimekuelewa mkuu, na nimebadilika kidogo kuhusu huyu mama. Lete na wa Lavinia Dock sasa, huyo aliyefungwa jela.

daftari_la_nesi

Wa Dock nauandaa, huyo alisaidia pia kuunda baraza la kimataifa la wauguzi mwaka 1899 na aliishi mpaka 1956, kwahiyo utakuwa mrefu kuliko huu.